Kununua haipakaa ya haibridi ukiwa Nairobi: anza na mahali itakapolala

Simu huja jioni, mtu akiwa ameshaona picha. "Bosi, nimepata Porsche 918 huko Ujerumani, bei si mbaya. Itachukua muda gani kufika Mombasa?" Swali la pili huwa ushuru. La tatu ni kama kuna fundi hapa mjini. Nimeyajibu haya kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hivyo nayaandika mara moja niwe nikituma.

Kazi yangu ni makaratasi ya magari ya wakusanyaji. Sina gari la kukuuzia.

Magari ninayozungumzia, haipakaa za haibridi, ni yale yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo iliyotangazwa, yenye injini ya petroli na mota za umeme zikisukuma pamoja. Matatu yaliyofungua njia yalitoka karibu wakati mmoja: Porsche 918 Spyder (magari 918), McLaren P1 (375) na LaFerrari (499, kisha moja la ziada lililopigwa mnada mwaka 2016 kuchangia waathiriwa wa tetemeko la ardhi Italia, likaenda kwa dola milioni 7). Baadaye zikaja Koenigsegg Regera, Mercedes-AMG One ya magari 275, na mwaka 2024 zikatangazwa Ferrari F80 (799) na McLaren W1 (399).

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Pesa za gari, na kama unataka kulileta Kenya, pesa nyingine kiasi kama hicho za serikali. Sitanii, hesabu iko hatua ya 7.
- PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru) isiyo na deni, na karatasi za kuonyesha pesa zilitoka wapi. Benki ikiona pesa nyingi zikitoka itauliza, na jibu la "ni za biashara" halitoshi.
- Watu watatu wasiotegemeana: wakili, wakala wa forodha mwenye leseni, na mkaguzi wa magari asiyelipwa na muuzaji. Muuzaji akikuletea wote watatu, shukuru kisha utafute wako.
- Gereji kavu yenye umeme wa uhakika.
- Subira ya miezi, pengine miaka.

Hatua ya 1: Amua gari litalala nchi gani

Watu huanza na gari. Anza na kitanda chake.

Kenya ina masharti mawili yanayoua ndoto nyingi kabla hazijafika bandarini. La kwanza, gari lililotumika lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kila Januari magari ya mwaka mmoja zaidi yanaanguka. La pili, usukani uwe kulia. Wanaosamehewa la pili ni magari ya kazi maalum kama ambulensi na ya zimamoto, na hakuna afisa atakayekubali kwamba LaFerrari ni ya zimamoto, hata iwe nyekundu namna gani.

Sasa pima. 918 zilitengenezwa kuanzia Septemba 2013 hadi Juni 2015, zote usukani kushoto. P1, kushoto. LaFerrari, kushoto. AMG One, kushoto. Kwa hiyo jibu la ile simu ya jioni ni fupi: 918 haiji Nairobi kupata namba za Kenya. Imegonga mwamba mara mbili, umri na usukani.

Kinachobaki ni gari jipya au la miaka ya karibuni lenye usukani wa kulia. Wapo wanaokubali: Koenigsegg wamewahi kujenga Regera za usukani wa kulia. Kwa gari lolote jipya, swali lako la kwanza kwa kiwanda liwe hilo, kwa maandishi, kabla hujauliza rangi.

Njia ya pili ni kulinunua na kuliacha nje. Wengi wa wateja wangu ndivyo wanavyoishia, na sioni aibu yake. Uingereza husajili usukani wa kushoto bila kelele na ina maghala mazuri ya kutunza magari, lakini ukiliingiza kutoka nje andaa ushuru wa forodha wa 10% na VAT ya 20%. Dubai ni 5% na 5%, na kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ni safari ya kama saa tano, ila kulisajili kwa jina lako kunahitaji ukaazi wa huko. Wakili aamue litasajiliwa kwa jina la nani. *Usiliandikishe kwa jina la binamu anayeishi London kwa sababu tu anaishi London.* Likija suala la talaka au urithi, gari ni la binamu.

Hatua ya 2: Chagua kwa kutazama betri

Kila mtu anajua nguvu za farasi. Wachache wanauliza betri ina hali gani, na hapo ndipo pesa hupotelea.

Betri ya 918 ni kilowati-saa 6.8, ya P1 ni 4.7, ya LaFerrari ni 2.3. Mbili za kwanza huchomekwa ukutani. LaFerrari haina sehemu ya kuchomeka kebo ya kuendeshea, hujichaji yenyewe ikitembea. Ndogo hivyo, utadhani hazina neno. Lakini betri hizi huzeeka hata gari likiwa limesimama, na zikiachwa zikauke kabisa, huenda zisifufuke. Kubadilisha ni kazi ya kiwanda, na bei yake inatosha kununua nyumba ya vyumba viwili Ruaka.

Kwa hiyo gari lililotembea kilomita 300 kwa miaka kumi lisikuvutie haraka. Lililotembea kilomita 9,000, likahudumiwa kila mwaka na kuchomekwa kila usiku, mara nyingi ndilo lenye afya.

Jambo dogo la kwetu hapa: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini inayovuta hewa bila tabo (turbo) hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa hewa hii nyembamba. Yenye tabo huumia kidogo tu, na mota ya umeme haijui kabisa kama iko Mombasa au Limuru.

Hatua ya 3: Ingia kwa mlango halali

Milango ni miwili.

Mlango wa kiwanda haufunguki kwa pesa peke yake. Ferrari huwapa nafasi wateja wao wa siku nyingi kwanza. Ukifika leo na mkoba, utapewa kahawa. Anza na gari lao la kawaida, lihudumie kwao, ujulikane. Ukipata nafasi, soma mkataba mpaka mwisho, hasa kifungu cha kuuza. Mwaka 2017 kampuni ya Ford ilimshtaki John Cena, yule wa mieleka, kwa kuuza Ford GT yake kabla ya ile miaka miwili aliyosaini. Halikuwa gari la haibridi, lakini vifungu vya namna hiyo utavikuta na huku.

Mlango wa pili ni mnada au dalali. Kwenye minada mikubwa, kumbuka bei ya nyundo siyo bei utakayolipa: kuna ada ya mnunuzi juu yake, kwa kawaida kati ya 10 na 15%.

*Onyo:* ukiuziwa "nafasi" ya gari ambalo halijajengwa, wewe hununui gari. Unanunua ahadi ya mtu ambaye huenda mkataba wake unamkataza kuihamisha. Bila barua ya kiwanda inayokubali jina lako, funga mkoba.

Hatua ya 4: Soma karatasi kabla ya picha

Omba hivi vyote kabla hujakata tiketi ya ndege:

- namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17, ikiwa imepigwa picha kwenye gari lenyewe, siyo kuandikwa kwenye barua pepe;
- karatasi ya kiwanda inayoonyesha gari lilitoka na vitu gani;
- historia ya huduma, kila mwaka, ikiwa na muhuri wa gereji iliyoidhinishwa;
- uthibitisho kwamba halina mkopo wala kesi;
- uthibitisho kwamba kazi zote za kiwanda za kurekebisha kasoro zilifanywa;
- orodha ya vinavyoandamana nalo: funguo zote, chaja, kifuniko, vifaa, vitabu.

Karatasi ya kiwanda ina uzito kuliko inavyoonekana. Mfano, 918 mpya ilianzia dola 845,000, na kifurushi cha Weissach kikaongeza dola 84,000 ili kupunguza uzito kwa takriban kilo 41. Leo tofauti ya bei kati ya yenye kifurushi na isiyo nacho ni kubwa zaidi ya hapo. Stika za mbio mtu yeyote anaweza kubandika, karatasi ya kiwanda ndiyo inayothibitisha kifurushi.

Chaja ikikosekana, usikubali kuambiwa ni kitu kidogo. Gari la mamilioni lisilo na chaja yake ni gari ambalo mtu hakuwa akilichaji.

Hatua ya 5: Ukaguzi, na wewe uwepo

Mkaguzi anajua kazi yake, lakini nenda naye. Niliwahi kumsindikiza mteja hadi ghala moja Ulaya. Gari lilikuwa limepigwa rangi ya fedha, sakafu yenyewe inang'aa, na meneja anatuambia tairi ni mpya kabisa, "hazijagusa lami". Mteja wangu hakubishana. Alichuchumaa, akavaa miwani, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi ya nyuma mpaka akafika kwenye kile kiduara chenye tarakimu nne. 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014. Akasimama, akapangusa kidole na leso, akauliza kwa upole, "Hizi mpya ni za lini?"

Tairi ilikuwa na nundu zake zote. Raba ilikuwa imekauka kama kandambili za zamani, na kwa gari linalozidi kilomita 300 kwa saa hilo ni kaburi. Bei ikashuka, na zaidi ya bei, tukajua kitabu cha huduma ndicho cha kusoma kwa makini: kama tairi hazikubadilishwa, ni nini kingine hakikubadilishwa?

Yatazame haya hasa:

- Ripoti ya afya ya betri kubwa, iliyotolewa na kompyuta ya kiwanda siku ya ukaguzi. Ya mwaka jana haina kazi.
- Beseni la kaboni ambalo ndilo mwili wa gari. Liinuliwe, litazamwe chini. Ufa wa kaboni haupigwi nyundo ukanyooka kama bati la matatu.
- Unene wa rangi kila paneli, kwa kipimo. Paneli moja ikitofautiana na wenzake, ilipakwa upya. Uliza kwa nini.
- Mfumo wa kuinua pua, breki za kauri, na taa zote za onyo: ziwake ukiwasha, kisha zizime.

*Onyo:* nyaya za rangi ya machungwa zina mamia ya voliti. Wewe usiguse, na rafiki yako anayejua magari asiguse.

Hatua ya 6: Lipa kwa utaratibu

Pesa zipite kwenye akaunti ya amana ya mawakili, zitoke tu gari na karatasi zikishabadilishana mikono.

Kuna wizi mmoja unaowapata watu wenye akili zao. Katikati ya mazungumzo inakuja barua pepe, lugha ni ileile, saini ni ileile, ikisema akaunti imebadilika. Sisi Wakenya tungeshtuka mapema kuliko wote, maana "ile pesa tuma kwa hii namba" tumeilea sisi. Lakini ikija kwa Kiingereza kizuri kutoka Ulaya, watu hutuma. Piga simu kwenye namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyo kwenye barua hiyo, na wakusomee akaunti kwa sauti.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya ushuru kwanza, siyo bandarini

Hii ni kwa anayelileta. Thamani ya forodha ni bei ya gari, bima na nauli ya meli kwa pamoja. Juu yake:

1. ushuru wa forodha, 35%;
2. ushuru wa bidhaa, unaohesabiwa baada ya kuongeza ule wa kwanza: 35% kwa injini ya petroli inayozidi cc 3,000, 25% kwa inayozidi cc 1,500;
3. VAT 16% juu ya jumla yote hiyo;
4. ada ya IDF (tamko la uagizaji) 2.5% na tozo ya reli 2%, juu ya thamani ya awali.

Tuseme thamani ni KSh 200 milioni. Forodha ni milioni 70. Ushuru wa bidhaa kwa 35% ya milioni 270 ni milioni 94.5. VAT kwa milioni 364.5 ni milioni 58.3. IDF na reli, milioni 9. Jumla ya kodi ni kama milioni 231.8. Kwa kiwango cha 25% inakuwa takriban milioni 200.5. Haibridi zina msimbo wao wa forodha, kwa hiyo wakala akuandikie ni msimbo gani atautumia kabla gari halijapanda meli, na wewe uweke akiba ya kiwango cha juu. Viwango hivi pia huguswa kila bajeti ya Juni, na meli haisubiri waziri amalize kusoma.

Hatua ya 8: Safari na bandari

Kontena iliyofungwa, gari peke yake. Betri ya lithiamu hulifanya lihesabiwe shehena hatari, basi litangazwe hivyo. Ukificha, bima imekufa. Bima yenyewe ya baharini sheria inataka uinunue kwa kampuni ya hapa Kenya. Ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango, hufanywa huko linakotoka, na cheti kiwe mkononi kabla ya kupakia.

Likishafika, wakala apeleke karatasi haraka, maana ada za kuhifadhi bandarini huhesabiwa kwa siku. Kutoka Mombasa lisiendeshwe. Lori lenye kitanda kirefu, lifungwe kwenye magurudumu, siyo minyororo kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu kwa chini. Usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri, na namba mpya ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, kwa mshangao wangu.

Hatua ya 9: Liweke likae

Bima iwe ya thamani mliyokubaliana kwenye mkataba. Ukiacha "thamani ya soko", siku ya ajali mtabishana kuhusu soko ambalo hapa halipo.

Umeme wa ukutani uwe na kifaa cha kudhibiti voliti na akiba ya betri, maana stima ikirudi baada ya kupotea hurudi kwa kishindo, na chaja ndiyo hupigwa. Petroli: nunua ya daraja la juu kabisa unaloweza kupata, ukijua kwamba ya kawaida kwenye pampu zetu haifiki ile oktani 98 ambayo magari haya hupenda. Panya nao hawajui gari ni la bei gani. Mitego, kila kona, Karen na Runda hasa, kwa sababu ya bustani.

Kuhusu kuliendesha, Nairobi Expressway ni kilomita 27 na kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Barabara kuu nyingine ni hadi 110. Wenye magari ya maana wengi husubiri maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, wakalipeleka kwa lori, wakalirudisha kwa lori.

Mambo yakikwama

*Gari halifunguki wala haliwaki.* Mara nyingi ni ile betri ndogo ya voliti 12. Usivunje kitu. Siku ya kwanza kabisa, gari likiwa zima, jifunze kwenye kitabu mlango na boneti vinafunguliwaje bila umeme, na kitabu usikifungie ndani ya gari.

*Taa ya onyo ya mfumo wa haibridi imewaka.* Zima, usiwashe tena kujaribu. Usiite fundi wa mtaani hata awe bingwa wa Prius. Kiwanda kinaweza kumtuma mtu wake kwa ndege. Tiketi na hoteli ni juu yako.

*KRA hawakubali bei ya ankara.* Orodha yao ya bei imetengenezwa kwa Vitz, Probox na Prado. Gari lako huenda halimo. Peleka mkataba, risiti za benki na barua ya kiwanda ya bei. Ndiyo maana nilisema karatasi kwanza.

*Gari limefika na usukani uko kushoto.* Kuhamisha usukani kwa gari la namna hii ni kuliua kama gari la mkusanyaji, kwa hivyo usimsikilize atakayekuambia ana fundi Industrial Area. Ongea na wakala siku hiyo hiyo kuhusu kulirudisha nje kabla ada hazijapanda.

*Umeamua kuliuza.* Ndani ya Kenya wanunuzi unaweza kuwahesabu kwa vidole na wote wanajuana. Nje, bei itakuwa ile ya dunia, na zile milioni mia mbili ulizolipa hapa hazipandi meli nalo.